Pascal na C kwa Nusu Pipa la Mazutu

Siku mlipokuja kuniaga kwa kustaafu pale bureau, ofisi yetu, vijana wangu, mbuzi mliyenipa alikuwa bado anatafuna kona ya kitambaa cha meza na ninyi mlikuwa mmekwisha kuanza kugombana. Mmoja alishika simu yenye jedwali la lugha za kuandikia programu, zimepangwa kutoka ile yenye mbio kabisa mpaka ile ya kujikokota. Mwingine akasema lugha yake imeonewa. Wa tatu akasema anayeandika kwa lugha ya mkiani afadhali arudi kijijini kuchunga. Nilicheka mpaka soda ikanitoka puani. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliniisha, maana niliwahi kuona jedwali kama lile limebandikwa ukutani hapa Butembo, na nilikuwepo lilipokaribia kumpoteza mtoto mmoja kwa mara ya pili.

Basi nimeona niwaandikie. Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo nitaiacha, kwa sababu kitu ambacho hakikufika hakina hadithi.

Mimi ni mtoto wa shule ya jioni. Mchana nilikuwa nauza misumari na mabati katika quincaillerie ya mjomba wangu, na jua likianza kuteremka navua koti la kutu, nanawa mikono, nakwenda kusoma. Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, na wanafunzi tulikuwa mia tatu. Haya, tulikuwa kumi na wachache, lakini kwa namna tulivyobanana juu ya benchi mbili hata ninyi mngehesabu mia tatu. Kompyuta ilikuwa moja. Ilikuja kutoka Dubai katikati ya marobota ya vitenge, na mfanyabiashara aliyeileta alikuwa ameiuza kwa hasira, akidhani ni televisheni iliyokataa kushika picha.

Mwalimu alikuwa Mama Kahindo. Mwanamke mfupi, mjane, sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kuchelewa kwake. Marehemu mume wake alikuwa arbitre, mwamuzi wa mpira, na yeye alivaa shingoni ile saa ya kubonyeza ya kupimia muda wa mechi. Siku yangu ya kwanza aliniandikisha programu ya kujumlisha namba. Ilipomaliza aliniuliza kama imekwenda haraka. Nikajibu kwa kifua kwamba imekwenda haraka sana.

“Haraka kuliko nini?” akauliza.

Alinirudisha nyumbani na hilo swali, kama mtoto anayerudishwa kuleta mzazi. Nililala nalo na kuamka nalo, na kwa miaka yote iliyofuata sijaona swali lililonisaidia zaidi kazini. Mtu akikuambia kitu ni haraka na haongezi neno, bado hajakuambia kitu.

Alikuwa na mazoea mengine aliyoyarithi kwa mume. Alisema arbitre mzuri hafiki uwanjani akipuliza filimbi. Anazunguka kwanza: mteremko uko upande gani, nani ana viatu na nani hana, mpira ni mmoja au kila timu imekuja na wake. Nasi kabla ya kupima programu yoyote alituzungusha hivyo. Tulimcheka, lakini kwa siri, nyuma ya mlango, na mlango wenyewe tulihakikisha umefungwa.

Kisha vita. Ninyi wengine mlikuwa migongoni, wengine hamjazaliwa, kwa hiyo sitawaeleza nani alipigana na nani. Hata waliopigana walibadilisha mara nyingi. Niwaambie tu barabara ilivyokuwa. Kutoka Mbau mpaka Beni, kutoka Beni mpaka hapa, watu walitembea na godoro kichwani na kuku kwapani, na mkono mmoja ukiachia mkono mwingine katika msukumano, basi ndiyo hivyo. Watoto waliookotwa njiani walikusanywa Beni, katika nyumba moja ya commune, yaani kata, ya Beu. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kufika Butembo, na ndiko walikoandikisha majina. Makanisa ya mji, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao kwa kawaida tulikuwa hatuazimani hata viti, yalifungua bureau moja ya kuwakutanisha. Mama Kahindo akawekwa juu yake, akanivuta toka kwenye misumari.

Kazi ilikuwa hivi. Lori lilileta makaratasi ya watoto kutoka Beni. Sisi tulikuwa na makaratasi ya wazazi. Kompyuta ilitafuta wapi yanalingana, mashine ikachapa, na lori likarudi Beni na majibu. Inaonekana rahisi. Lakini mgeni akisoma haya ajue jambo moja juu yetu Wanande: majina tunapewa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule kama mimi. Msichana wa kwanza ni Masika. Ukisimama sokoni ukaita “Kambale!” nusu ya soko inageuka, na nusu nyingine inakuonyesha kwa kidole. Nyumbani haitusumbui, tunasema Kambale wa kwa nani, wa kilima gani. Mtoto wa miaka sita aliyelia siku mbili anakuambia tu “Masika”.

Programu ya kwanza niliiandika mimi, kwa lugha ya Pascal, na niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda viatu vyangu vya harusi. Ilipanga watoto kwa kijiji, kisha jina la baba, la mama, na la mtoto mwisho. Wazazi nao iliwapanga vilevile. Halafu ilitembea na orodha zote mbili sambamba, kama wanawake wawili wanaokwenda sokoni wakiongea: huyu akitangulia anamngoja mwenzake. Haikuwa na mbio. Lakini haikupotea njia.

Ndipo alipotufikia Mbusa. Mwembamba, mwalimu wa hesabu, alikuwa Kampala akisoma mambo ya kompyuta wakati mke wake Kavira na mtoto wao walipokimbia Mbau. Kavira alifika Butembo peke yake. Watu waligombania lori, akapandisha mizigo kwanza, akageuka kumpandisha mtoto, na pale alipokuwa mtoto palikuwa na mbuzi wa mtu. Mtoto ni Masika, mzaliwa wao wa kwanza na wa pekee. Mbusa aliandikisha karatasi yake kama mzazi yeyote, akaenda. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, amechana nywele, akiuliza kama hatukosi mtu wa kuandika programu. Mama Kahindo alimtazama kidogo, akasogeza kiti.

Yeye aliandika kwa C. Tulichekana kutwa. Nilimwambia C ni lugha ya Kikatoliki, alama tupu ambazo ni padiri tu anazielewa. Akanijibu kwamba Pascal ni ya Kiprotestanti: mahubiri marefu, matangazo, utambulisho wa wageni, na kazi yenyewe inaanza watu wamekwisha kusinzia. Alikuwa mtu wa kucheka, Mbusa, lakini karatasi za Beni zikifika alikuwa anazichukua yeye kwanza, bila kuketi, na tulijifanya kutoona. Programu aliyoandika ilikuwa nzuri kuitazama. Kila jina la mtoto iliingiza katika sanduku lake ndani ya kompyuta, na kumtafuta mtu ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lenye jina hilo, bila kuzunguka kama yangu.

Sasa ikaja habari mbaya. Nyumba ya Beu ilikuwa inafungwa. Mwenye nyumba aliitaka, na mapigano yalikuwa yanasogea. Watoto wangegawanywa kwa familia za wakarimu, wengine njia ya Oicha, wengine mashambani ambako hakuna karatasi inayofika. Lori la wiki ile lingekuwa la mwisho kuwakuta pamoja. Na mazutu, yale mafuta ya dizeli ya kuendesha groupe letu, jenereta kubwa lililopiga kelele za kusikika mpaka Kirumba, yalibaki nusu ya pipa. Yangetosha kufanya kazi yote mara moja, na kijiko cha ziada.

Mwenyekiti wa comité, kamati yetu, alikuwa Pasta Katembo, mtu wa huruma, lakini huruma ikiwa na haraka inakanyaga watu. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia gazeti la mambo ya kompyuta, na ndani yake jedwali: C juu kabisa, Pascal chini yake, nyingine zikiteremka mpaka mkiani. Pasta alilichana, akalibandika ukutani, akasema mambo yamekwisha, tunachukua ya juu. Kama kuna lugha yenye mbio kuliko nyingine, kuchoma mazutu ya watoto kwa ile ya polepole ni dhambi.

Nilisimama kujibu, na mngesikia hotuba ambayo ingebadilisha Afrika. Mama Kahindo alinivuta shati, nikakaa.

“Pasta,” akasema, “ile table balipima na majina ya nani?”

Pasta alikiri hajui. Akamwuliza balipima kwa machine gani, na kazi gani. Hajui. Pasta alikuwa mtu mnyofu. Alivua miwani, akatupa asubuhi moja na jagi la mazutu tupime wenyewe kwa karatasi chache.

Tulipima. Mbusa alikaa kwenye kompyuta mpya iliyoletwa na makanisa, mimi kwenye ile ya zamani ya Dubai, na majina tuliyotumia kwanza yalitoka kwenye disketi iliyokuja na kitabu chake cha Kampala, majina ya watu wa mbali, kila mmoja na lake. Mama alibonyeza saa. Mbusa alimaliza kabla sijakohoa. Mimi programu yangu iliendelea mpaka nadhani majira yalibadilika, mvua ikaisha, maharage yakavunwa. Pasta alikuwa amekwisha kuinuka.

“Bado,” akasema Mama Kahindo, akaanza kuzunguka uwanja.

La kwanza aliona kwamba kompyuta ya Mbusa ilikuwa na kitufe cha turbo, cha kuongeza mbio, mbele, kimebonyezwa. Yangu kitufe hicho kilikuwa kimeng’olewa na panya au na mjomba. Akatuweka sote kwenye mashine moja. La pili, programu yangu ilikuwa inaandika kila jina kwenye kioo likipita, kwa fahari yangu tu, nipate kuliona. Kuandika kwenye kioo kunakula muda kuliko kufikiri, hata kwa binadamu. Akaniondolea. La tatu, mtu wa pili kukimbia alikuta disketi imekwisha kusomwa na kompyuta inakumbuka, kwa hiyo alianza mbele. Akatubadilisha zamu, huyu kwanza, halafu yule kwanza. La nne ndilo lililoniuma. Pascal yangu ilikuwa inakagua kila hatua isije ikachukua kitu nje ya mahali pake, na C ya Mbusa haikukagua. Nikaomba niondoe ukaguzi, nikimbie na kaptula kama mwenzangu.

Mama alikataa. Alisema ukaguzi ule ndio unaozuia mtoto asiandikwe kwa baba asiye wake. Si mimi wa kuvua. Mbusa ndiye avae. Mkipima, pimeni watu wanaofanya kazi ileile. Anayebeba gunia na anayebeba kikapu hawashindani.

Tukapima tena. Bado alinishinda, lakini sasa kulikuwa ni kushindwa kwa heshima, kama bao moja dakika za mwisho. Pasta akasema vema, C.

“Sasa majina yetu,” akasema Mama.

Tukaingiza sehemu ya karatasi za Beni zenyewe, na za wazazi. Nilianza mimi. Programu yangu ilitembea mwendo wake wa kwenda sokoni, ikafika. Halafu Mbusa. Taa ya disketi ikawaka, ikakaa imewaka. Tulingoja. Pasta alitazama saa yake, kisha dari. Groupe lilikuwa linakunywa. Ninyi mmekwisha kuelewa, maana ninyi mmesoma mchana: katika majina ya wageni kila sanduku lilikuwa na mtu mmoja au wawili. Kwetu masanduku yalikuwa machache na kila moja limejaa mpaka kifuniko hakifungi, na programu ya Mbusa ilikuwa inamlinganisha kila aliye ndani ya sanduku na kila aliyemtafuta mtu wa jina hilo, na kila mara ikirudi kusoma kwenye disketi. Yeye mwenyewe Mnande, mtoto wa sita, jina lake linasema hivyo, alipimia kazi yake kwa majina ya Ulaya. Alidhani majina ya kupimia hutoka kitabuni. Mtu wa kabila lingine lolote angetuuliza kwanza: majina yenu yakoje?

Nami nikainuka nikacheza. Ndiyo, pale katikati ya bureau, na viatu vyangu vya misumari. Nilisema C imezikwa, waleteni wapiga matari, Waprotestanti tumeshinda. Nadhani niliruka futi sita.

Mama Kahindo hakuinua sauti.

“Kakule, weye unafurahi ya nini? Soma kwa kioo.”

Mbusa alikuwa ameweka programu yake ionyeshe chini ya kioo ni sanduku gani inalofungua. Liliandikwa MASIKA. Liliandikwa hivyo muda wote niliokuwa nacheza. Mbusa alikuwa ameweka mikono miwili pembeni ya kibodi, haigusi, analitazama hilo neno, na groupe linanguruma.

Niliketi. Sijawahi kuketi kwa haraka vile, na hakuna lugha inayoweza kunifikia.

Mama alizima mashine. Akatusogezea viti, sote wawili, karibu kama wanaokula sahani moja.

“Hapana C njo imeshindwa,” akasema. “Ni masanduku. Na weye Kakule, hapana Pascal njo imeshinda. Ni kutembea. Mbusa, tembeya na C. Tuone.”

Mbusa aliandika upya kwa C njia yangu ya wanawake wawili wa sokoni, na ilimchukua kuanzia uji wa saa nne mpaka maharage ya mchana. Nilikaa kando yake nikimsomea yangu mstari kwa mstari, na mara mbili alipokosea nilinyoosha kidole tu, maana siku ile sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni. Tulipopima, C ilitangulia Pascal kidogo. Kidogo kweli, pumzi moja. Kisha Mama akatupimia kitu ambacho hakuna aliyefikiria: muda wote, kuanzia disketi kuingia mpaka karatasi kutoka. Ikawa aibu kwa sote. Sehemu kubwa ya muda ilikuwa kusoma disketi, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ile mashine ya kuchapa ya sindano, iliyolia kama mbuzi wa Noeli, ikichapa kila jina, waliopatikana na wasiopatikana. Tuligombania pumzi moja, na mbuzi anakula shamba.

Hapo ndipo Mbusa aliporudi kuwa Mbusa. Alisema hatuna haja ya kuchapa wasiolingana. Alisema C yake inajua kuchota disketi kwa mafungu makubwa badala ya kijiko kwa kijiko, na hilo angelifanya kabla usiku haujaingia. Nikamwambia Pascal yangu imekwisha kutembea njia hii miezi mingi na wazazi wanaijua, iache itembee. Tukaziunganisha: yake ichote, yangu itembee, na mashine ichape waliopatikana tu. Kwa mazutu yaleyale tuliona kwamba tutabakiza ya kuzungusha mara ya pili, kuwatafuta wale ambao mtoto alitaja kijiji alichopatikana badala ya kijiji chao.

Pasta Katembo aliuliza, kwa unyenyekevu kabisa, basi katika jedwali aandike lugha gani imeshinda. Alitaka kuling’oa. Mama akamzuia. Alisema jedwali si baya wala si la uongo. Linajibu swali la wenyewe waliouliza. Akachukua kalamu akaandika chini yake, kwa Kifaransa safi cha masista, kwamba majina ni ya wengine, mashine ni ya wengine, kazi ni ya wengine. Lilibaki pale mpaka ukuta ulipopakwa rangi.

Kazi kubwa tuliifanya kesho yake mchana. Sitawaambia nilisali, Waprotestanti tunasali kimya. Groupe lilivumilia. Karatasi zilitoka, na majina yaliyolingana yalikuwa mengi kuliko wiki yoyote tuliyopata kuona. Mzunguko wa pili ndio uliomtoa Masika, baba Mbusa, mama Kavira, ameokotwa njia ya Mbau. Ila hakutoka mmoja. Walitoka wanne. Wasichana wanne, wazaliwa wa kwanza, baba zao wote watoto wa sita, mama zao wote akina Kavira. Mnaona sasa tunavyoishi.

Mbusa alisema haendi. Alisema akienda akakuta si yeye kati ya wanne, hataweza kurudi kukaa kwenye kile kiti. Kavira alikuja bureau mwenyewe, na kitenge kimefungwa kiunoni, kamfungia ndizi zilizochomwa, akamwekea mkononi na kumtazama. Mbusa akaenda. Nami nikatumwa naye, kubeba karatasi.

Dereva alikuwa Paluku, mtu aliyeongea kwa nadra kiasi kwamba watu walidhani ni mgeni. Tulikaa mbele watatu, magunia nyuma. Kwenye kizuizi kimoja askari alichukua karatasi zetu, akazifungua, akauliza kwa Lingala ni za nini. Nilipomweleza alizipitia zote, pole pole, mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akauliza kama kwao pia kuna bureau kama hii. Nikamwambia sijui. Akazikunja vizuri kuliko alivyozikuta, akainua mti.

Beu, ile nyumba ilikuwa imekwisha kufungwa nusu. Mikeka imekunjwa, sufuria zimefungwa kwa kamba. Mama mlezi wa pale alikuwa amechoka mpaka kicheko chake kilitoka bila sauti. Mbusa alimwambia jina. Yule mama akageukia ua, akaita “Masika!”, na wasichana wote wa pale wakaacha kucheza, naapa walikuwa elfu, wakasimama wakatutazama.

Akawachagua wanne kwa karatasi yetu. Wakapangwa kando ya ukuta. Mbusa alichuchumaa. Nilikuwa nyuma yake, sikuona uso wake, niliona tu mabega. Hakuhitaji kuuliza. Wa tatu alikuwa na pengo la meno ya mbele, na jino jipya lilikuwa limeanza kutoka tangu baba yake alipomwona mwisho. Alimwendea taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akasimama mbele yake, hakumkumbatia.

“Tata,” akasema, “juu ya nini umekawia?”

Mbusa alikuwa mtu wa kujibu kabla swali halijaisha. Safari hii akamvuta akamficha ndani ya koti lake, na hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Tulipokuwa tunatoka mmoja wa wale watatu waliobaki alimfuata, akashika pindo la lile koti. Alikuwa mkubwa kidogo, mwenye sauti ya kukoroma.

“Na miye baba yangu njo Mbusa,” akasema.

Mbusa akachuchumaa tena, na mtoto wake yuko ndani ya koti. “Najua,” akamwambia. “Jina yake niko nayo kwa karatasi. Atakuya.” Akamwuliza mama mlezi huyu anapelekwa kwa familia gani, akaandika upande wa nyuma wa karatasi, na wale wengine wawili vilevile. Baba wa yule msichana tulimpata baadaye, Kirumba, akiuza vitunguu. Lakini siku ile tulikuwa hatujui, na kila mtu alitazama pembeni.

Kurudi, Masika alilala kati yetu, miguu yake juu ya mapaja yangu, mizito kama ya askari. Milima ya kwetu ilipoanza kuonekana Mbusa akaniuliza, bila kugeuka, kama mazutu ya wiki ijayo iko.

Nikamwambia iko. Iko mingi, nikasema, pipa zima, Pasta ameificha.

Hayakuwako hata ya kulowesha utambi, na alijua. Paluku naye alikuwa anasikiliza, maana kabla ya kuingia mjini alisimamisha lori pembeni bila kueleza kitu. Akateremka, akachukua mpira wa kuvutia mafuta chini ya kiti, akafungua kifuniko cha tenki lake, akaingiza ncha moja na nyingine akaiweka mdomoni, akavuta. Akatema mazutu chini, akapangusa midomo kwa mkono wa shati, akauliza kama tuna kopo la kuyatia.